BWANA KAGGIA NA SWALI LA ARDHI KATIKA BUNGE LA KENYA

Wasomaji wengi wa gazeti letu wanalijua jina la Jomo Kenyatta, na wengi pia wamesikia habari za Tom Mboya na Oginga Odinga. Lakini nilipowauliza wenzangu wa kidato cha sita kama wanamjua Bildad Kaggia, karibu wote walinyamaza, na mmoja akaniuliza kama ni mchezaji wa mpira. Basi nimeona si vibaya nikieleza, katika kurasa hizi za Kiswahili, habari za mbunge huyo wa jirani zetu wa Kenya, na hasa hoja alizozitoa juu ya ardhi kati ya mwaka wa 1963 na 1966. Ninyi wakubwa zetu mliopita katika shule hii zamani mtanivumilia nikirudia mambo ambayo huenda mliyasikia katika redio mkiwa wadogo.

Ninayo sababu yangu ya kulifuata jambo hili. Nyumbani kwetu tunalima kibanja kilicho katika ardhi ya mailo, yaani ile ardhi waliyogawiwa wakubwa wa Buganda kwa Mkataba wa mwaka 1900. Babu yangu amezikwa pale, baba yangu amezaliwa pale, na kahawa yetu imeota pale. Lakini hati ya ardhi imo katika sanduku la mtu mwingine. Kwa hiyo watu wakibishana kwamba ardhi ni ya nani, mwenye karatasi au mwenye jembe, mimi siwezi kukaa kimya kama mgeni aliyepita kunywa maji. Historia ya Kenya si sawa na yetu, wala sitaki kuzichanganya. Nataka tu msomaji ajue kwa nini nimeyasoma maneno ya Bwana Kaggia kwa hamu.

Yeye alikuwa mtu wa Murang'a, wilaya ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Fort Hall. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa askari katika jeshi la Mwingereza, akafika nchi za Mashariki ya Kati na hata Uingereza yenyewe. Aliporudi aliingia katika vyama vya wafanyakazi na katika siasa. Mwezi wa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, alikamatwa, na kesi yake ikasikilizwa Kapenguria pamoja na ya Kenyatta, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kungu Karumba. Mwezi wa Aprili 1953 walihukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Aliachiliwa mwaka wa 1961, na katika uchaguzi wa mwezi wa Mei 1963 watu wa Kandara wakamchagua kuwa mbunge wao. Kenyatta akamfanya msaidizi wa Waziri wa Elimu. Nimeyapitia haya kwa haraka, ila msomaji asiyasahau majina ya wale wafungwa, maana yatatajwa tena.

Sasa tuje kwenye ardhi. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 serikali ya Uingereza iliwatengea Wazungu sehemu nzuri za nyanda za juu za Kenya, ambazo jumla yake ilikuwa zaidi ya ekari milioni 7. Waafrika walibanwa katika sehemu zilizowekewa mipaka, na wengi waliokosa mahali pa kulima walikwenda kukaa katika mashamba ya masetla kama maskwota. Skwota alimfanyia setla kazi, naye setla akamwachia mahali pa kulima na kulisha mifugo, kwa muda aliopenda setla mwenyewe. Uhuru ulipokaribia, kila mtu alijua kwamba ardhi hiyo lazima iguswe. Swali lilikuwa iguswe namna gani.

Jibu la serikali lilikuwa mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka wa 1962. Ulikuwa hivi. Setla aliyetaka kuuza shamba lake alilipwa bei yake. Fedha zilitoka hasa Uingereza, na nyingine katika Benki ya Dunia. Katika zile za Uingereza za kununulia ardhi, karibu theluthi moja ilikuwa msaada, na zilizobaki zilikuwa mkopo. Kisha shamba lilikatwa vipande, wakapewa watu waliochaguliwa. Jamaa kiasi cha 35,000 walipata makao kwa njia hiyo, na hilo si jambo dogo. Lakini kila aliyepewa kipande alitia sahihi ya kwamba atailipa serikali bei ya ardhi kwa muda wa miaka 30, pamoja na riba. Juu yake alikopeshwa tena fedha za ng'ombe, mbegu na waya wa kuzungushia ua. Asiyelipa aliweza kuondolewa.

Hapo ndipo Bwana Kaggia aliposimama na kupinga. Hoja yake, nikiieleza kwa maneno yangu, ilikuwa rahisi kiasi cha kueleweka na mtoto. Watu hawa walinyang'anywa ardhi bila kulipwa. Wengine waliingia msituni kupigana kwa ajili ya ardhi hiyohiyo, na wengine wakafungwa. Sasa, bendera imepandishwa, wanaambiwa waikope fedha ya kuinunua. Mtu ambaye baba yake alifukuzwa shambani analipa deni kwa miaka 30, na fedha zile zimekwisha kupanda meli pamoja na setla aliyeuza. Bwana Kaggia alitaka ardhi wapewe bure wale wasio nayo, na hasa waliopigania uhuru. Tena hakutaka mashamba makubwa yapite tu kutoka mkono wa Mzungu mmoja kwenda mkono wa Mwafrika mmoja. Alitaka yalimwe na watu wengi kwa ushirika.

Kulikuwa na shida nyingine ambayo wabunge wa sehemu nyingine hawakuijua sana, bali mbunge wa Murang'a aliletewa mlangoni kila siku. Wakati wa hali ya hatari serikali ya kikoloni iliharakisha kazi ya kuunganisha mashamba katika nchi ya Wakikuyu. Vipande vya mtu vilivyotawanyika hapa na pale vilikusanywa vikawa shamba moja lenye hati. Kwa ukulima jambo hilo lilikuwa na faida. Lakini lilifanywa wakati ambapo maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini au msituni, na mtu asiyekuwapo hawezi kuonyesha mpaka wake kwa wazee. Wengine walirudi nyumbani wakakuta mashamba yao yameandikwa kwa jina la jirani ambaye alikuwa upande wa serikali. Bwana Kaggia alidai mambo hayo yachunguzwe upya na waliodhulumiwa warudishiwe haki yao. Mimi naona dai hili ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kwa sababu hapa aliyeshika ardhi hakuwa Mzungu wa kupanda meli na kuondoka. Alikuwa mtu wa kijiji kilekile, wa kanisa lilelile, na mtoto wake alisoma darasa moja na mtoto wa aliyenyang'anywa.

Lazima pia nieleze majibu ya serikali, maana hayakuwa ya kipumbavu. Kwanza, katiba ya uhuru, iliyopatanwa London, ilikataza mali ya mtu kuchukuliwa bila fidia kamili. Pili, mashamba makubwa ndiyo yaliyotoa sehemu kubwa ya mazao ya kuuzwa ng'ambo, na serikali iliogopa kwamba masetla wakitishwa watakimbia na mitaji yao kabla Waafrika hawajajifunza kuyaendesha. Tatu, fedha zikitumika kutoa vitu vya bure, za shule, barabara na hospitali zitatoka wapi? Kenyatta mwenyewe alirudia mara nyingi kwamba uhuru ni kazi na hakuna cha bure.

Katika chama chetu cha mijadala tumefundishwa kupima hoja bila kumtazama usoni anayeisema. Nikipima hivyo, hoja ya katiba ilikuwa na nguvu, na hoja ya mazao pia. Upungufu wa Bwana Kaggia, kwa maoni yangu, ni huu: ardhi iliyokuwapo haikuwatosha wote waliokosa, hata kama ingetolewa bure kabisa. Mtu wa kuchagua nani apate na nani akose angekuwa na uwezo mkubwa kuliko hata mkusanya madeni, na uwezo huo huharibu watu. Lakini hoja ya tatu ya serikali naona haisimami. Mashamba mengi makubwa hayakukatwa vipande hata kidogo. Yalinunuliwa mazima na Waafrika wenye nafasi, wakiwamo mawaziri na wakubwa wa serikali, na mara nyingi kwa mikopo. Kama fedha za kumkopesha mkubwa mmoja anunue mamia ya ekari zilipatikana, mtu wa Kandara alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini habari za fedha kupungua hutajwa anapokuja yeye.

Basi Bwana Kaggia aliuliza, na kuuliza kwake kukamletea taabu, kwa sababu alikuwa ndani ya serikali. Hapa yafaa nieleze desturi moja ya mabunge yaliyofuata mfano wa Uingereza. Waziri na msaidizi wake hufungwa na maamuzi ya serikali yote. Katika baraza lao la siri wanaweza kubishana mpaka usiku. Wakitoka nje, neno ni moja. Asiyeweza kulibeba neno hilo huacha kazi. Mbunge wa kawaida, anayeketi viti vya nyuma, hakufungwa namna hiyo. Anaweza kumwuliza Waziri maswali, kuleta hoja, na kuikosoa serikali ya chama chake mwenyewe.

Mwezi wa Mei 1964 Kenyatta, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, alimwandikia Bwana Kaggia barua akimkumbusha desturi hiyo: ama aache kuipinga siasa ya serikali juu ya ardhi, ama aondoke. Bwana Kaggia alijibu kwamba hawezi kuwasahau waliomchagua kwa ahadi za ardhi. Mwezi wa Juni akatoka serikalini, akaenda kuketi viti vya nyuma. Alipoteza mshahara wa cheo na heshima yake, akapata ruhusa ya kusema.

Kwa muda wa miaka karibu miwili aliitumia ruhusa hiyo. Katika chama chetu cha mijadala maneno hupotea mara tu kengele ya chakula inapolia. Katika Bunge yako makarani wanaoandika kila neno, nayo hupigwa chapa katika Taarifa Rasmi, hata baada ya miaka 60 mtu aweze kuyasoma. Ila kuna jambo ambalo wapenzi wa Kiswahili hawatalifurahia. Maneno hayo yote yalisemwa kwa Kiingereza, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya Bunge la Kenya. Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike humo mwezi wa Julai 1974, na wakati huo Bwana Kaggia alikuwa ametoka Bungeni miaka 8. Hivyo skwota aliyetetewa hakuweza kuingia katika jukwaa la wageni akasikia na kuelewa namna alivyotetewa. Alisubiri mpaka mtu amwambie.

Mwaka wa 1965 mambo yalikaza. Tarehe 24 Februari Pio Gama Pinto, mbunge mwenye asili ya Goa ambaye alikuwa na mawazo kama ya Bwana Kaggia na fundi wa kuwaunganisha wabunge wa upande wao, aliuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake Nairobi. Miezi michache baadaye Bunge lilijadili karatasi ya serikali iliyojulikana kama Namba 10, juu ya ujamaa wa Kiafrika. Karatasi hiyo aliileta Tom Mboya, Waziri wa Mipango, mtu ambaye kwa Kiingereza na kwa hoja hakuwa na mwenzake katika Bunge lile. Ilisema kwamba mali ya watu binafsi italindwa, na kwamba fedha za maendeleo zitumike hasa mahali ambapo zitazaa haraka. Bwana Kaggia alisema yeye hajali ujamaa huo utapewa jina gani la mbele, wauite wa Kiafrika au wa Kenya au hata wa kabila fulani, mradi uwe ujamaa kweli na usiwe ubepari uliovaa kanzu nyingine. Hiyo kanzu nimeitia mimi. Maana ni yake.

Lakini jibu lililokumbukwa zaidi halikutolewa Bungeni. Lilitolewa mwezi wa Aprili mwaka huohuo katika mkutano wa hadhara huko Kandara, kwa Bwana Kaggia mwenyewe, mbele ya watu wake. Kenyatta aliwataja wale waliofungwa pamoja. Ngei ana shamba la kahawa. Kubai ana nyumba kubwa na shamba zuri. Kungu Karumba ana mabasi. Kisha akamwuliza: na wewe Kaggia, umejifanyia nini?

Nimelifikiri swali hilo mara nyingi kuliko jambo lingine lolote katika habari hii, kwa sababu sisi wote wa kidato cha sita tutaulizwa vilevile. Nina miaka 19. Nikitoka hapa na cheti changu, hakuna mtu nyumbani atakayeniuliza nimesema nini katika chama cha mijadala. Wataniuliza nimejenga nini, na sitaweza kuwalaumu, maana karo yangu ilitoka katika kahawa ya kibanja. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba swali la Kenyatta lilikuwa la kijinga. Kwa mzee wa kijiji ni swali la kawaida kabisa. Ila liliulizwa mahali pasipo pake. Bwana Kaggia aliuliza ardhi ya umma igawiwe namna gani, akajibiwa kwamba yeye mwenyewe hana mali. Mwalimu wetu wa mijadala angepiga kengele hapo. Na msomaji aangalie vizuri: kama mbunge anayewasemea wasio na ardhi anadharauliwa kwa sababu hajajipatia mashamba, basi wa kuwasemea atatoka wapi?

Yaliyofuata nitayaeleza kwa ufupi. Mwanzoni mwa mwaka 1966 Odinga alijitoa katika KANU, na Bwana Kaggia akamfuata, akawa naibu wake katika chama kipya cha KPU, ambacho alama yake ilikuwa fahali. Chama hicho kiliahidi ardhi ya bure kwa wasio nayo na mpaka wa ukubwa wa shamba la mtu mmoja. Mwezi wa Aprili Bunge lilibadili katiba kwa haraka, ikawa mbunge anayehama chama kilichomchagua lazima arudi kwa wapiga kura. Mwezi wa Juni uchaguzi ulifanywa katika viti 29. Kwa hesabu ya kura zote KPU ilipata nyingi kuliko KANU, lakini ilipata viti 9 tu, na vingi vilikuwa Nyanza. Kandara ilimkataa Bwana Kaggia. Watu walewale aliowaombea ardhi walimpigia kura jogoo wa KANU, ingawa nguvu ya serikali katika uchaguzi ule ilikuwa kubwa na mikutano ya KPU ilizuiliwa mara nyingi. Wengine kati yao walikuwa wamekwisha kupata kipande na kuanza kulipa, na mtu mwenye deni huogopa kumwudhi mdai wake. Hayo ni mawazo yangu mimi.

Mwaka wa 1968 alifungwa kwa sababu ya mkutano ambao serikali ilisema haukuwa na ruhusa. Mwaka wa 1969 alirudi KANU, na mwezi wa Oktoba mwaka huo KPU ikapigwa marufuku. Serikali ilimpa kazi katika halmashauri ya pamba. Hakurudi tena Bungeni. Siku zake za uzee alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, na watu waliokwenda kumtazama walishangaa kwamba mmoja wa wale sita wa Kapenguria anaishi kama mtu wa kawaida. Alikufa tarehe 7 Machi 2005.

Katika mashamba ya mpango ule, wengi walishindwa kulipa kwa wakati, na madeni yakawa mzigo kwao na kwa serikali kwa miaka mingi. Wengine walifanikiwa vizuri kwa maziwa, chai na pareto, na wajukuu wao wanasoma vyuo vikuu. Hoja ya ardhi yenyewe haikuzikwa. Katiba mpya ya Kenya, iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, inasema kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, na muda usipite miaka 99. Kifungu cha 68 kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kuweka kiasi cha chini na kiasi cha juu cha ardhi ya watu binafsi. Kiasi hicho cha juu ndicho walichokidai Bwana Kaggia na wenzake mwaka wa 1966, na siku katiba hiyo ilipotangazwa yeye alikuwa amekwisha kufa miaka mitano.